Rangi Isiyopakwa

Kapela alikuja Jumanne na mfuko wa salfeti,
akaumwaga juu ya benchi: boliti, nati,
pedeli ya gia, kiki, ngao ya eksozi,
vyote vya Boksa yake, kromu imebanduka.
"Dada Kalunde, sitaki nyeusi ya kopo.
Nataka ile ya bunduki."

Sikumjibu. Nilitazama nyuma ya gereji
alikoketi baba juu ya tairi la trekta
akimenya karanga kwa mkono mmoja.

Hapa Isevya kila mtu anajua, hakuna anayesema:
mzee Lugusha alifua magobole ishirini na sita
kwa mabomba ya maji na vyuma vya kando ya reli,
mpaka siku lilipopita gari la matangazo:
salimisha, hutaulizwa.
Akasalimisha sita aliyokuwa nayo, akarudi na risiti.
Risiti anayo hadi leo, kwenye kopo la kahawa.
(La kumi na nne, lililompasukia Sizya mikononi,
nyumbani hatulizungumzi.)

"Muulize anataka buluu ya moto au buluu ya kutu,"
akasema, macho kwenye karanga.
Ya moto ni ya haraka. Chuma juu ya mkaa
kinakuwa rangi ya nyasi kavu, kisha kahawia,
kisha zambarau ya shingo ya njiwa,
kisha buluu, na hapo ukipepesa jicho imepita,
imekuwa kijivu, na kijivu hakirudi nyuma.
Ya kutu inataka siku.
Kapela alitaka kesho.
Baba akampa Jumanne ijayo.

Nilisugua kwa msasa hadi nikajiona.
Nikaosha kwa maji ya majivu,
nikashika kwa kitambaa, maana kidole kina mafuta
na chuma hakisahau kidole.
Baba akachanganya dawa yake. Sitaitaja;
chumvi imo, na kingine kinachokata pua.
Tukapaka, tukatundika kwenye waya bafuni
penye unyevu, tukafunga mlango.
Usiku ule tulioga uani.

Asubuhi vilikuwa vyekundu, vyote.
Kapela akachungulia, akashika kichwa:
"Mmeniozeshea pikipiki yangu!"
"Ndiyo, tumeiozesha," baba akasema.
"Mahari utaleta Jumanne."

Tukavichemsha kwa maji ya mvua
na wekundu ukageuka weusi tukiuona,
kutu ileile, imebadili nia.
Nikakwangua kwa stilwaya. Dawa tena. Bafuni tena.
Mara ya tatu nilichoka. Ya nne nilimlaani Kapela.
Ya sita ndipo ikatokea,
si nyeusi, si buluu:
mgongo wa mbayuwayu
anapokata kona juu ya stesheni.

Nikauliza, kwa nini sasa haishiki kutu?
"Imeshakula," baba akasema. "Mwenye shibe haombi."

Mwisho nta ya nyuki, ya kutoka Sikonge,
tukaipaka chuma kingali cha moto.
Harufu ya asali ikaingia hadi kwenye oili chafu.
Baba alisimama na kitambaa mkononi
bila kukipeleka popote,
na mimi sikumwita.

Jumanne tukafunga kila nati mahali pake.
Kwenye kiki pamebaki doa la fedha, dogo, la duara,
lenye mistari: dole gumba la mzee.
Nikasema nitairudia, bure.
Kapela akainama, akalitazama upande huu na ule,
akalipulizia, akalipangusa kwa kola ya shati.
"Liache."

Akapanda, akapiga kiki mara mbili.
Eksozi ikalipuka, mlio mmoja mkavu,
kunguru wakaruka kutoka bati la jirani.
Watoto wakacheka, Kapela akacheka, mimi nikacheka.
Baba alikuwa ameziba masikio,
anatazama ng'ambo ya barabara,
anasubiri kitu kianguke.